Mfereji Usioinama

Mvua mbili zilizopita zilimkuta Mama wa Kati kitandani, na zote mbili zilimfuata humo humo. Mfereji wa bati chini ya ukingo wa paa, nyuma ya nyumba, ulikuwa umeoza kwa kutu, na maji ambayo yangepaswa kwenda kwenye pipa yalipita kwenye matundu, yakaramba ukuta, yakaingia ndani kwa ndani mpaka usawa wa mto wake. Lipu ilivimba, ikapasuka, ikaota kuvu jeusi ambalo lilirudi kila lilipokwanguliwa. Yeye akaanza kukohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa cha kuombea maji ya uvuguvugu. Kilikuwa kile cha kumkunja mtu mpaka paji la uso likagusa magoti.

Daktari alimsikiliza mgongoni, kisha akawageukia watoto wake wawili, waliosimama kila mmoja upande wake wa kitanda kama mashahidi wa kesi.

"Dawa nimeshampa za kutosha," alisema. "Anachohitaji sasa ni ukuta mkavu. Akipata msimu mwingine wa unyevu kama huu, kifua hiki hakitahimili. Nimesema wazi ili asije mtu akaniambia hakuambiwa."

Watoto wakaitikia kwa pamoja. Mama akawatazama kwa mshangao, maana ulikuwa muda mrefu tangu wale wawili waitikie jambo moja kwa sauti moja.

Ni lazima nyumba yenyewe ijulikane, la sivyo ugomvi hautaeleweka. Ilikuwa nyumba ndefu na nyembamba, vyumba vimepangwa mstari mmoja chini ya paa moja. Mwisho wa kulia alikaa mwana wa kiume, kinyozi, na chumba chake cha mbele alikigeuza cha kunyolea: kioo, kiti cha kuzunguka kisichozunguka tena, na picha za vichwa ambavyo hakuna mteja aliyewahi kutoka navyo. Mwisho wa kushoto alikaa dada yake mkubwa, msusi, na chumba chake cha mbele kilijaa mabenchi, mabeseni na wanawake. Katikati, kwenye chumba kimoja chenye kitanda, kabati na dirisha la nyuma, alikaa mama yao. Wateja wa pande zote mbili ndio waliomwita Mama wa Kati. Alipolikataa jina hilo mara ya kwanza ndipo likampata kabisa.

Kinyozi anahitaji maji, na msusi anayahitaji zaidi. Bomba la mtaa lilitoa maji lilipojisikia. Kwa hiyo mvua ya paa ilikuwa mali, na mali hiyo yote, tangu enzi za marehemu baba yao, ilikuwa inaishia kwenye pipa moja tu, mwisho wa kushoto, jikoni. Baba yao aliliweka hapo kwa sababu jiko lilikuwa hapo. Hakuwaza kwamba siku moja mwisho wa kushoto ungekuwa "kwangu" na wa kulia ungekuwa "kwako".

Kwa miaka kadhaa kinyozi alipita na ndoo yake, akachota, akarudi. Halafu dada akaanza kuzitazama ndoo. Halafu akaanza kuziongelea. "Vichwa vyenyewe unavinyoa vikavu, maji yote hayo unayanywa?" Naye akajibu kwamba kichwa kimoja cha msusi kinakunywa kuliko ng'ombe. Basi, maneno kama hayo, ya mzaha uliochacha. Mpaka siku ile kinyozi alipokuwa na mteja mwenye povu shavu zima, akakimbia na ndoo, akakuta pipa limetiwa kufuli.

Kufuli! Kwenye pipa la maji ya mvua. Mteja alikwenda zake na nusu ya ndevu, taulo shingoni, na mtaa mzima ukamwona. Tangu siku hiyo ndugu wale hawakusalimiana. Damu nzito kuliko maji, husema watu ambao hawajawahi kupungukiwa na maji. Katika nyumba ile maji yalipimwa yakaonekana mazito, na Mama wa Kati, aliyekuwa amewazaa wote wawili kwa uchungu ule ule, alizisikia salamu zisizotolewa zikipita mlangoni mwake kila asubuhi.

Lakini sasa daktari alikuwa amesema. Wakakubaliana kwamba mfereji wa zamani ung'olewe, uwekwe mpya wa plastiki, na kila mmoja anunue tangi lake. Walisema ni kwa ajili ya Mama. Walilisema mara nyingi, kwa wateja, kwa majirani, kwa muuza matangi, na kila aliyesikia aliwasifu. Mama mwenyewe alifurahi. Hakutaka makuu. Alitaka ukuta wake ukauke, ili siku zake zilizobaki azimalize kwenye kitanda chake, mbele ya dirisha lake, bila kumwendea mtoto yeyote kwa magoti.

Fundi bati alikuja mapema na ngazi begani. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kuzungumza na vifaa vyake kana kwamba ndivyo vilivyomtuma. "Haya, nyundo, twende." Alipougusa mfereji wa zamani, kipande kizima kilimwangukia, kikaumwagia ua mzima matope meusi, majani yaliyooza, manyoya ya ndege na kandambili moja ya mtoto.

"Hiyo yangu ile," alisema kinyozi aliyekuwa akitazama kutoka upande wake. "Niliirusha nikiwa mdogo."

"Yako wapi? Hiyo yangu," msusi akasema kutoka upande wake.

Fundi aliwatazama watu wazima wawili wanaogombea kandambili iliyooza, akaiokota kwa ncha ya koleo, akaitupa kwenye kiroba. Pale ndipo angechukua ngazi yake akaenda zake, lakini kazi zilikuwa chache.

Kisha akapima kwa uzi, akakuna kidevu, akaeleza mpango wake kwa sauti ili wote watatu wasikie, Mama akiwa dirishani.

"Sikilizeni. Hapa katikati, juu ya dirisha la Mama, nitaunyanyua mfereji. Kutoka hapo nauteremsha huku kwa dada, nauteremsha na huku kwa kaka. Kidogo kidogo tu, hata jicho halitaona. Maji yakitua yanajigawa yenyewe, kila mtu tangi lake, na Mama ukuta wake unabaki mkavu kama unga."

"Mungu akubariki mwanangu," alisema Mama wa Kati, na usiku ule hata kikohozi kilimpa nafasi.

Vishikio vikapigwa skrubu, vipande vyeupe vikaunganishwa, na siku ya pili kufikia adhuhuri mfereji ulikuwa umesimama mahali pake. Kazi ilikuwa safi. Ingeweza kuishia hapo, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini msusi alitoka na kitana mkononi, akafumba jicho moja, akautazama mfereji kwa lile jingine.

"Mbona kwake kumeinama zaidi?"

"Kwangu?" kinyozi akadakia. "Angalia kwako! Bomba lako liko karibu, maji yako yatakimbia. Yangu yatatembea."

"Ni sawa jamani," fundi akasema. "Nimepima kwa uzi."

"Uzi wako ndio tunaoujua?"

Fundi akaona heri akale kwanza. Alipopinda kona tu, Mama wa Kati aliona miguu ikipanda ngazi mbele ya dirisha lake: visigino vipana vyenye nywele ndogo za wateja. Akasikia kishikio kikilia kwa kuvutwa chini, upande wa kulia. Miguu ikashuka. Haikupita hata muda wa kusonga ugali, ikapanda mingine, yenye kandambili na rangi ya kucha iliyobanduka, na mpini wa ufagio ukaanza kusukuma upande wa kulia uende juu, na kugonga wa kushoto ushuke. Mama ni mama, hata umwonyeshe unyayo tu anajua ni wa nani.

"Shuka, wewe!" aliita. "Mtauvunja!"

"Nafuta buibui tu, Mama."

Fundi aliporudi, mfereji ulikuwa na nundu mbili na bonde moja. Alisimama akiwa na kijiti cha meno mdomoni, akauzunguka kwa macho.

"Huu umepata ajali, au?"

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kinyozi alisema fundi amependelea, maana chakula cha mchana cha jana alikula jikoni kwa msusi, watu wamemwona, na mfupa aliguguna. Msusi akasema ndiyo, alikula, kwani mtu asile? Lakini hizo ndevu leo asubuhi zilinyolewa na nani, tena bure? Wote wakamgeukia fundi. Na kweli, masikini, kidevu kiling'aa. Alikuwa amekula huku na kunyolewa kule, akidhani ukarimu ni ukarimu, na sasa kila upande ulikuwa na ushahidi wake. Mtu hupata taabu kujitetea akiwa ameshiba na amependeza.

"Hivi mnataka nini?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

"Tunataka sawa kwa sawa," alisema msusi.

"Tena ya kuonekana kwa macho," alisema kinyozi. "Siyo ya kuambiwa."

Fundi akainamia mkoba wake kutafuta skrubu za kurekebisha vile vishikio vilivyopindwa. Alikuwa anatoa vitu kimoja kimoja na kuviweka chini, ndipo kikatokea kile kifaa, kipande cha chuma kirefu chenye kijibomba cha kioo katikati, na ndani yake maji ya kijani na kipovu.

"Hicho ni nini?" kinyozi akauliza.

"Pimamaji."

Ndugu wale wawili walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kufuli, walitazamana usoni.

"Kumbe unayo!" kinyozi akafoka. "Umeficha mkobani kifaa cha kupima maji, unatuletea uzi!"

"Hakipimi maji hayo," fundi akasema. "Ni jina tu. Kinapima usawa. Ni cha ukuta, cha rafu, cha fremu ya mlango..."

"Si usawa ndio tunaoutaka?" msusi akasema. "Au wewe ulisikia tunataka nini?"

"Kipovu kikikaa katikati maana yake nini?" kinyozi akauliza.

"Maana yake pako sawa. Hapajainama huku wala huku."

"Basi! Kikae katikati. Mwanzo mpaka mwisho. Kila kiungo uweke hicho, tuje tuone wenyewe."

Fundi alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza. Akawaeleza taratibu, kwa mikono miwili, kwamba mfereji si rafu ya vyombo. Mfereji ukilala sawasawa, maji nayo yanalala. Yanataka kuonyeshwa njia, hata kwa upana wa kucha. Ule mpango wake wa kwanza ulikuwa unawapa wote wawili haki, ila ulitaka waamini mkono wa fundi.

Na hapo ndipo penyewe. Mteremko unataka kuaminiana. Kipovu hakitaki. Hata mjinga anakiona kipovu kikiwa katikati ya mistari miwili, hahitaji kumwamini mtu, na ndiyo maana wale wawili walikipenda mara moja kama mtu aliyepata shahidi asiyehongeka.

Mama wa Kati alishika nondo za dirisha, akajivuta mpaka uso ukafika kwenye mwanga.

"Hebu nisikilizeni na mimi. Nimeosha sakafu ya nyumba hii tangu hamjazaliwa. Maji hayaendi pasipoinama. Yanakaa. Na yakikaa hapo juu, yatashukia wapi? Hapa! Juu ya kichwa changu!"

"Mama, pumzika," alisema msusi kwa upole.

"Sitaki kupumzika. Mfereji huu si mlisema ni wangu?"

"Ni wako, Mama, ndiyo maana tunataka ukae vizuri," alisema kinyozi. "Ila hili la vipimo tuachie sisi. Na hilo vumbi la kutoboa litakuingia kifuani, daktari alisemaje?"

Akaja, kwa mapenzi yake yote, akamfungia dirisha.

Mama akabaki anatazama ubao wa dirisha. Aliwahi kutukanwa maishani, na aliyemtukana alijua anatukana, matusi yakamuuma yakapita. Lakini kufungiwa dirisha kwa huruma, mtu hajui uchungu wake aupeleke wapi. Alikaa kitandani, mikono mapajani, akisikiliza nyundo.

Nje fundi alikuwa amechoka nao. Walikuwa wamekigusa kidevu chake na chakula chake, na sikio la kufa halisikii dawa. "Sawa," alisema. "Mwenye nyumba akitaka mlango wa kuingilia uwe darini, mimi naweka mlango darini, na kitasa naweka." Akalegeza vishikio vyote, akaanza upya. Kila kiungo aliweka pimamaji, akaita. Kinyozi akapanda, akatazama kipovu, akashuka. Msusi akapanda, akatazama kipovu, macho yakimtoka pima, akashuka. Wateja wakasubiri ndani, mmoja na shuka shingoni, mwingine na nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Kipovu kikakaa katikati kila mahali. Hakikwenda kwa dada, hakikwenda kwa kaka.

Alipomaliza, fundi alipita kufungua dirisha la Mama wa Kati kwa nje, akaona aibu kuondoka bila kuaga.

"Mama, mimi nimefanya walichotaka."

"Na ukuta ni wa nani?"

"Ni wako, Mama. Lakini walioniita ni wao."

"Basi nenda," alisema. "Nenda, mwanangu. Na wewe una watoto?"

"Wanne."

Akamtazama tu. Fundi alichukua ngazi yake, na safari hii hakuzungumza na nyundo.

Siku kavu zilizofuata zilikuwa za fahari. Mfereji ule mweupe ulinyooka nyuma ya nyumba mpaka majirani wakaja kuutazama. Hakuna mfereji mtaani uliokuwa umenyooka vile. Msusi aliwaonyesha wateja wake, kinyozi naye wake. "Fundi alitaka kutupindishia," walisema, kila mmoja upande wake, kwa maneno yale yale. Ukuta wa Mama ukaanza kukauka kwa jua. Kuvu likageuka vumbi, akalipangusa kwa kitambaa. Alikohoa mara chache. Kuna mchana mmoja hata alijiambia kwamba labda yeye ndiye asiyejua, labda dunia imebadilika na siku hizi maji ya plastiki yana akili zake.

Mvua ilikuja alasiri. Haikubisha hodi. Ilianza na matone machache mazito kwenye bati, kisha ikamwagika yote kwa pamoja, na ua ukawa mweupe.

Milango miwili ya nyuma ikafunguliwa kwa wakati mmoja. Mama wa Kati, uso kwenye nondo, aliwaona wanawe wakitoka mbio, kila mmoja na mwavuli uliovunjika vyuma, kila mmoja kwenye tangi lake. Kinyozi alikuwa bado na mashine ya kunyolea mkononi. Maji yalikuwa yanashuka kwenye mabomba yote mawili. Si kwa nguvu, lakini yanashuka. Kinyozi akagonga tangi lake kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akashusha mkono, akagonga tena mpaka mlio ulipobadilika. Msusi akamwona, naye akagonga lake.

"Kwako yamefika wapi?" kinyozi akapaza sauti.

Mama alishika nondo kwa nguvu zaidi. Yule mtoto alikuwa amemsemesha dada yake bila ugomvi.

"Hapa! Kwenye mstari wa pili!" msusi akajibu. "Kwako?"

"Hapo hapo! Mstari wa pili!"

"Muongo!"

"Njoo uone!"

Akaenda. Alivuka ua mzima, matope mpaka vifundoni, akapita mbele ya dirisha la mama yake bila kugeuza kichwa, akagonga tangi la mdogo wake, akasikiliza. Akaanza kucheka. Kinyozi naye akacheka, wakarudi wote wawili mpaka tangi la kushoto kulihakikisha, wakipishana miavuli, wakisukumana kama walivyosukumana walipokuwa wanatoka shule. Kicheko kile Mama wa Kati alikuwa amekiombea kwa miaka. Aliomba asife kabla ya kukisikia. Kilimpanda kifuani, machozi yakamtoka, na kwa kitambo kidogo hakuwa na kikohozi wala ugonjwa wowote.

Ndipo tone la kwanza likamwangukia begani.

Akatazama juu. Mfereji ulikuwa umejaa kotekote kama karai. Huku mwisho na huku mwisho maji yaliyo karibu na mabomba yalipata pa kutokea. Yaliyokuwa katikati, mbali na kote kuwili, yalikuwa yanangoja. Na kila yalipongoja paa liliyaongezea mengine. Yakavimba mpaka midomoni mwa mfereji, yakang'aa, yakachagua pa kushukia, na hayakuchagua kwa dada wala kwa kaka. Yakapita kwa nyuma ya mfereji, yakashika ukuta, yakaingia.

Yalikuja kama shuka. Lipu iliyokauka kwa taabu siku zile zote ikanywa, ikageuka rangi, ikaanza kudondoka vipande vipande juu ya mto. Alijaribu kuusukuma mguu wa kitanda, kitanda hakikusogea. Akaita.

"Jamani! Ukuta!"

Mvua kwenye bati haina adabu, inamkata kauli hata mwenye sauti nzima. Aliita tena, kikohozi kikamkunja. Alipoinua uso, maji yalikuwa yanapita katikati ya godoro, na nje wanawe walikuwa bado wanacheka. Sasa kinyozi alikuwa anamwigiza fundi, "haya, nyundo, twende," na dada yake ameshika mbavu.

Alikichukia kicheko kile. Mtu asimwambie mtu kwamba mama hawezi kuchukia. Alikichukia kwa roho yake yote.

Mvua ilipopungua waliingia pamoja, mlango mmoja, nyuso zinang'aa.

"Mama, umeona?" msusi alisema. "Mstari wa pili kwa mstari wa pili! Hakuna aliyemzidi..."

Mama yao alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda, blanketi limelowa, miguu kwenye maji, anapumua kwa sauti.

Kinyozi akautazama ukuta kuanzia juu mpaka chini. "Bomba langu linashusha vizuri," alisema.

"Hata langu," alisema msusi haraka. "Si upande wangu huu."

"Wala wangu."

Na ilikuwa kweli. Ukuta ule haukuwa upande wa mtu. Walimnyanyua, wakambadilisha nguo, wakavuta kitanda mpaka kikafika mlangoni, wakatandika magunia sakafuni. Hawakuwa watoto wabaya, wote mtaani wangekuambia hivyo. Msusi alimkausha nywele kwa taulo lake bora. Kinyozi alikwenda mbio kumchemshia maji ya kunywa.

"Uinamisheni," Mama alisema alipopata pumzi. "Huo mfereji wenu. Ukucha mmoja tu. Mwiteni fundi kesho, auinamishe."

"Tutauinamisha, Mama."

"Upande gani?" aliuliza kinyozi.

Maji yalikuwa bado yanachuruzika ukutani.

"Popote!" Mama alisema. "Huku, kule, popote!"

"Kwangu siwezi kukataa," alisema msusi. "Lakini kesho mtu asije akasema nimependelewa."

"Nani atasema? Ukiinama kwako utanitilia tena kufuli."

"Basi uiname kwako, uone kama nitakuja kwako na ndoo."

"Na ule mpango wa kwanza wa fundi?" Mama aliuliza. "Huku na huku?"

"Ule hauonekani kwa macho, Mama," walisema, karibu kwa pamoja.

Mama wa Kati aliwatazama. Mmoja alikuwa ameshika taulo, mwingine kikombe. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia, husema watu. Lakini hawa hata tembo hawakuwa. Walikuwa kinyozi na msusi, wanapigania maji ya kuoshea vichwa, na yeye ndiye aliyewaosha vichwa hivyo kwanza kuliko mtu yeyote.

"Basi nigawaneni na mimi," alisema. "Si mnapenda haki? Nigawaneni. Msiniache hapa katikati nioze."

Alilisema kama mtu anayeitupa sahani chini ili watu washtuke. Akangoja. Alingoja mwanawe aseme, "Mama, usiseme hivyo." Alingoja binti yake aangue kilio, amwangukie miguuni, na hapo angewashika wote wawili vichwa, aseme lile alilokuwa ameliweka moyoni tangu siku ya kufuli.

Kinyozi aliweka kikombe juu ya kabati, polepole.

"Kusema kweli," alisema, "hata mimi nilikuwa nafikiria. Nusu mwaka kwako, nusu mwaka kwangu."

"Inawezekana," alisema msusi. Alilikunja lile taulo mara mbili, akautazama ukuta, kisha akamtazama mama yake kwa macho yale yale aliyoutazamia mfereji, moja amelifumba kidogo. "Lakini miezi ya mvua atakaa kwa nani? Maana ndiyo anayougua."

Kinyozi akanyoosha vidole vyake, akaanza kuhesabu miezi.